Nyumba ya vigae Shanty Town, Moshi, iliyokuja kuwa ya majeneza: tunaiokoaje bila kuifukuza misiba?

Binti Seremala (mleta uzi)

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za jioni.

Naomba mnivumilie, uzi ni mrefu. Nimeuandika siku tatu nikiwa barazani kwa mzee, huku ndani ukumbini watu wa Kibosho wakimuaga mama yao. Ninachotafuta ni ushauri wa watu wanaojua nyumba kuukuu, maana mwaka huu tusiposhika jambo, nyumba hii inakwenda.

Ipo upande wa Shanty Town, kwenye ile mitaa ya mijakaranda, ukiwa unaelekea hospitali ya KCMC. Kuta za mawe, nene kiasi kwamba nikiwa mdogo nilikuwa nakaa dirishani miguu yote ikiwa juu. Vigae vyekundu, baraza limezunguka pande tatu, mlango wa mbele wa mabawa mawili. Marehemu baba aliingia pale mwishoni mwa miaka ya sabini, akapanga banda la uani afanyie useremala. Nyumba yenyewe ilikuwa tupu, imejaa popo. Alikuwa anatengeneza vitanda na makabati. Majeneza yalikuja yenyewe: jirani kafiwa, kaja kuomba, mzee kamtengenezea usiku kucha, asubuhi kampa. Wa pili akaja. Wa tatu akaja.

Ila kilichoibadilisha nyumba ni barabara ya Dar es Salaam. Mnaojua misiba ya kwetu mnajua kwamba Mchaga anazikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo wake, hata awe amefia wapi. Miaka ile gari linaanza Dar na mwili, kilomita zaidi ya 500, linaingia Moshi saa tisa usiku, mvua inanyesha, na barabara ya kupanda mlimani ni matope matupu. Watu wanasimama na marehemu wao kando ya njia wakisubiri kuche. Mzee hakulipenda jambo lile. Akamwomba mwenye nyumba funguo za sebule, akafagia, akaweka meza mbili na kitambaa cheupe, akawaambia wapumzike hapo mpaka asubuhi. Baada ya miaka kadhaa akainunua. Mpaka leo ukimwambia bodaboda "kwa Majeneza" anakufikisha bila kuuliza tena.

Mzee alitutoka miaka miwili iliyopita. Kihamba cha Uru kina mwenyewe, mdogo wetu wa mwisho, kama mila inavyotaka. Nyumba ya mjini aliiacha kwa sote watano. Kaka zangu wawili wanataka ivunjwe, zijengwe frem mbele na lodge nyuma. Siwalaumu, wana watoto wanasoma. Na nyumba inaumwa kweli: lipu inabanduka mpaka usawa wa kifua, vigae vinavuja, mchwa wameingia kwenye kenchi, na chumba cha friji la maiti kimeota ukungu mweusi ukutani. Kila fundi tunayemleta anasema "hii piga chini, anza upya."

Mimi sitaki ipigwe chini, wala sitaki igeuzwe hoteli ya kitalii, misiba ihamishiwe gereji. Kama ingekaa tupu kama alivyoikuta baba, ingekuwa imeshaanguka siku nyingi. Waliokuwa wanaingia na kutoka na wafu wao ndio walioiweka hai.

Wenye ujuzi, karibuni.

---

Rau Madukani

Pole kwa mzee, dada. Lakini mimi niseme wazi. Nyumba ile alijengewa mzungu aliyekuja kukaa juu ya ardhi yetu. Mangi Meli, mtawala wetu, alinyongwa na Wajerumani pale Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, na mpaka leo ukoo wake unatafuta fuvu lake huko Ujerumani. Halafu sisi tuchange kutengeneza vigae vyao? Kwa nini?

---

Binti Seremala

Kaka wa Rau, swali lako ni la haki na silikimbii.

Sikuombi uheshimu aliyelala kwenye vyumba vile mwanzoni. Sijui hata jina lake na sijalitafuta. Mawe yale hayakubebwa na yeye, yalibebwa na babu zetu, na wao ndio waliojenga. Halafu kwa zaidi ya miaka arobaini sebule yake imekuwa mahali pa mwisho ambapo wanawake wa Kirua, Marangu, Machame na Rombo wanamtazama mtu wao usoni. Bibi yangu aliagwa pale. Baba aliagwa pale, kwenye jeneza la mvule alilojichongea mwenyewe. Umetaja Meli, na hilo ndilo linalonisukuma mimi. Sisi watu wa mlima huu tunajua uchungu wa maiti asiyerudi nyumbani. Nyumba inayomsaidia maiti afike nyumbani nikaivunje kwa sababu ya aliyeijenga? Imeshakuwa yetu, kaka. Tumeilipia kwa machozi.

---

Fundi wa Pasua

Dada, mimi ni mwashi, nimefanya kazi Tanga na Unguja kabla sijarudi Moshi. Nikuulize vitu viwili. Hiyo lipu inayobanduka ilipigwa lini, na kwa nini? Na udongo wa nje umefika wapi ukilinganisha na sakafu ya ndani?

---

Binti Seremala

Lipu ya saruji, ilipigwa nikiwa sekondari. Fundi alibandua ya zamani akasema ni mbovu, ni laini, inamomonyoka ukiikwaruza na msumari. Akapiga saruji nzito na juu rangi ya plastiki. Udongo wa nje: kila mwaka mzee alikuwa anamwaga moramu ili magari ya msiba yasizame. Sasa hivi moramu iko juu kuliko sakafu ya ndani, karibu kiganja kizima.

---

Fundi wa Pasua

Basi ugonjwa ni huo, na nyumba yako haifi. Imefungwa pumzi tu.

Sikiliza. Ukuta wa mawe wa zamani umeungwa kwa udongo na chokaa, na chini hauna ile nailoni tunayoweka siku hizi kuzuia maji. Unyevu unapanda kutoka ardhini, na hilo waliojenga walilijua. Waliacha maji yapande kidogo, yatokee nje kupitia lipu ya chokaa, jua liyakaushe. Lipu laini haikuwa mbovu, ilikuwa inafanya kazi yake. Saruji ikaja ikaziba. Maji yamekosa pa kutokea, yanapanda juu zaidi ndani ya ukuta yakiwa na chumvi, chumvi inakauka nyuma ya saruji, inavimba, inaisukuma. Ndiyo maana inabanduka usawa wa kifua kama ngozi ya mtu aliyeungua. Ukipiga saruji nyingine juu yake itabanduka tena baada ya masika mbili, na safari hii ukuta utakuwa umeoza zaidi.

Kwanza usinunue hata mfuko mmoja. Chimba moramu yote ukutani, ishuke chini ya sakafu, uache mfereji wa kokoto kuzunguka nyumba. Weka gata, maji ya paa yapelekwe mbali. Hapo umeshamaliza nusu ya kazi. Kisha bandua saruji taratibu kwa patasi, usitumie nyundo kubwa maana utang'oa na mawe. Acha ukuta wazi, ukauke kiangazi chote. Watu watakuambia nyumba inaonekana kama gofu. Vumilia.

Lipu mpya iwe chokaa moja kwa mchanga tatu, mchanga wa mto uliooshwa, saruji sifuri. Chokaa uloweke kwenye pipa wiki kadhaa, kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Piga koti nyembamba, ya kwanza ikaze kabla ya pili, na ukuta ufunikwe magunia yenye maji, maana chokaa inakaza kwa hewa, polepole, na jua la Moshi likiikausha haraka inapasuka. Juu yake paka chokaa. Rangi ya plastiki itaziba tena.

Na paa lisichezewe. Unguja pale Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, limo ndani ya Mji Mkongwe ambao ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na sehemu yake ilianguka Krismasi ya 2020, watu wawili wakafa. Nyumba kuukuu inakufa kwa maji. Maji ya juu na maji ya chini.

---

Rau Madukani

Fundi, nimekusoma. Kwangu lipu inabanduka hivyo hivyo na nyumba yangu si ya mkoloni.

Dada, nimekuelewa pia. Sijabadilika moja kwa moja, ila nimekuelewa.

---

Binti Seremala

Aika sana, fundi. Nimempigia kaka mkubwa nikamsomea yote. Akanyamaza muda, halafu akasema kuna jambo nyie hamlijui: kwenye vigae kuna maandishi, Basel Mission, na mwaka 1865. Kumbe anaamini nyumba ni ya mwaka huo, na kuna mtu wa ofisi fulani alimwambia kwa umri huo serikali itaichukua, ndiyo maana anakimbilia kuivunja mapema. Sikuwa najua kwamba hofu yake iko hapo. Kuna anayejua habari za vigae hivi?

---

Mtoto wa Stesheni

Mimi nimelelewa kwenye nyumba za reli, baba alikuwa mtu wa reli, na vigae vya aina hiyo nimecheza juu yake.

Basel Mission ni wamisionari waliokuwa na viwanda vya vigae Mangalore, pwani ya magharibi ya India. Huo 1865 unahusu kiwanda, haina maana kwamba kigae chenyewe kilichomwa mwaka huo. Walivisafirisha sehemu nyingi, Afrika Mashariki ikiwemo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza viwanda viliondoka mikononi mwao, kwa hiyo kigae chenye muhuri wa misheni kinaelekea kuwa cha kabla ya hapo au miaka ileile. Lakini angalizo: vigae vinahamishwa. Kigae cha zamani kinaweza kukaa juu ya nyumba changa.

Na piga hesabu ya mji wenyewe. Moshi ya zamani ilikuwa kule juu, Old Moshi. Mji huu wa chini uliletwa na reli ya Tanga, iliyofika hapa mwaka 1911. Mwaka 1865 mahali ilipo nyumba yenu hapakuwa na mji. Mwambie kaka yako nyumba ni ya enzi ya reli, Mjerumani mwishoni au Mwingereza mwanzoni.

---

Mpimaji

Naongezea hapo upande wa sheria, maana hofu ya kaka yenu naikuta kila siku kazini.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1886. La baada ya hapo linalindwa pale tu Waziri anapolitangaza rasmi. Yenu ni ya enzi ya reli, haijatangazwa, basi haina ulinzi wowote. Kwa hiyo kaka asihofu kunyang'anywa, na dada usitegemee kwamba kuna mtu atakuja kuizuia isivunjwe. Kama mnataka itambuliwe, mnaandika wenyewe kwa Idara ya Mambo ya Kale, Wizara ya Maliasili na Utalii, mkiweka picha na historia yake. Na kutangazwa kuna masharti yake, hamtagusa ukuta bila ruhusa. Mkubaliane kwanza kama familia.

Jambo la haraka kuliko hilo: hati yenu inasema matumizi gani? Kama ni makazi, na mnafanya huduma za mazishi, mnatakiwa kuomba mabadiliko ya matumizi manispaa, kwa mujibu wa Sheria ya Mipangomiji ya 2007. Jirani mmoja akilalamika mnafungiwa, na nyumba ikifungiwa mwaka mmoja tu, popo wanarudi. Lingine, mirathi imefunguliwa? Bila msimamizi aliyeteuliwa na mahakama hakuna wa kuuza wala wa kuomba kibali, awe wa kuvunja au wa kukarabati.

---

Binti Seremala

Mirathi tumefungua, msimamizi ni dada yetu mkubwa. Hati ni makazi. Hilo nimelisoma usiku nikakosa usingizi. Jumatatu naanza manispaa.

---

Nesi wa Zamu

Shikamoo wakubwa. Dada, naomba niongee kuhusu chumba cha friji, nimefanya kazi mochwari miaka mingi.

Ukungu ule si wa masika tu. Friji la maiti linakaa kwenye nyuzi mbili hadi nne, ninyi mpo Moshi yenye joto. Likibanwa kwenye ukuta wa mawe, ukuta unapoa, hewa ya chumbani inagusa ubaridi inageuka maji, kama chupa ya soda barazani. Kila siku, mwaka mzima. Ukuta unakunywa tu. Na nyuma friji linatoa joto lisilo na pa kwenda.

La pili, je, dawa mnaweka hapo hapo ndani? Formalini ya kawaida ina karibu asilimia 37 ya formaldehaidi, na tangu 2004 watafiti wa saratani wa kimataifa wanaitaja kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Inahitaji feni ya kutoa hewa, sakafu isiyonyonya, na maji yake yaende kwenye shimo lake mbali na msingi. Nyumba ya zamani ina sakafu inayonyonya na mawe yanayonyonya. Mnawaumiza wafanyakazi, na nyumba mnainywesha sumu.

Ushauri wangu: kazi zote za maji na dawa zitoke nje. Jengeni banda la kisasa uani, la tofali, jamvi zuri, vigae vya sakafu, feni, mfereji. Mle muweke friji, muoshe, muweke dawa, mvalishe. Nyumba kubwa ibaki na kazi yake, marehemu aingie akiwa tayari, watu wamuage, wasaini kitabu, wasali, waondoke.

---

Binti Seremala

Nesi, umenitoa machozi kwa jambo la shimo la maji taka, haki ya Mungu. Dawa tulikuwa tunaweka kwenye kile chumba cha nyuma, kilichokuwa jiko. Kijana wetu wa pale anakohoa kila siku na tulimwambia ni vumbi la mbao. Kuanzia juzi kazi ile imesimama, tunapeleka hospitali mpaka banda likamilike, na yeye nimempeleka kupimwa.

Na umenionyesha kitu ambacho sikuwa nimekipatia maneno. Kile alichofanya baba mwanzoni ndicho hicho: banda lifanye kazi, nyumba ipokee watu. Sisi ndio tulioingiza kila kitu ndani kadiri biashara ilivyokua.

Ndugu yangu mmoja anaishi Marekani, amesoma uzi huu, ananiambia kule nyumba za namna hii zimejaa. Zamani na wao walikuwa wanalaza maiti sebuleni kwao. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 mpaka 1865, ndivyo vilivyowafundisha kutia maiti dawa, kwa sababu askari walifia mbali na familia zikawataka nyumbani. Rais wao Lincoln alipouawa alisafirishwa kwa treni kutoka Washington mpaka Springfield karibu wiki mbili, watu wakijipanga kumwona. Baadaye matajiri wakashindwa kuzitunza nyumba zao kubwa, wafanya mazishi wakazinunua, maana zilikuwa na sebule pana, milango mipana na baraza. Nimesoma nikamwona baba. Hakusoma popote, aliona tu kwamba mlango wa mabawa mawili unapitisha watu sita na jeneza likiwa limelala sawasawa. Alikuwa anaumia sana akienda kwenye nyumba mpya, milango myembamba, jeneza linainuliwa upande mmoja kama kabati. Alikuwa anasema marehemu hatakiwi kutolewa amesimama.

---

Rau Madukani

Dada, kaka zako wamesemaje? Maana sisi humu tunaongea vizuri, wenye kauli ni wao.

---

Binti Seremala (mrejesho)

Jumamosi tulikutana wote watano barazani. Sikuwahubiria. Fundi wa Pasua alikubali kuja, Mungu ambariki, alikataa hata nauli. Akachagua mita moja ya ukuta, upande wa mashariki, akabandua saruji mbele yao. Nyuma yake mawe yalikuwa yanavuja maji kama yametoka mtoni, wakati hatujaona mvua mwezi mzima. Kaka mkubwa akaweka kiganja, akakiacha pale. Akauliza, "Kumbe tumeyafungia sisi?"

Hesabu ilisumbua kuliko ukuta. Kaka wa pili anataka frem na hajaficha. Tulipofika mwisho tulikubaliana hivi: uwanja wa mbele, ule wa kuegesha, upande wa barabarani zijengwe frem mbili ndogo, za chini, zisizozidi kimo cha baraza. Moja iwe ya majeneza na maua, nyingine ipangishwe, kodi yake iwe ya kaka zangu wawili. Lodge hakuna. Banda la nesi linaanza kwanza, kabla ya frem. Ukuta utabanduliwa wote ukae wazi kiangazi. Dada kama msimamizi ameshapeleka maombi ya mabadiliko ya matumizi. Kuandika kwa Mambo ya Kale bado hatujakubaliana, wawili wanaogopa masharti, na mimi sitawalazimisha mwaka huu.

Sijapata nilichotaka chote. Frem zile zitaziba jakaranda mmoja niliokuwa naupenda, na kaka wa pili bado anasema akipata mnunuzi wa bei nzuri ataurudisha mjadala. Lakini juzi kulikuja mwili usiku, msiba wa watu wa Mwika, na yeye mwenyewe ndiye aliyeamka kufungua mabawa yote mawili.

Sasa ombi. Mchwa tumewadhibiti, kenchi tatu zinabadilishwa. Vigae vilivyopasuka ni themanini na mbili, nimepanda ngazi nikavihesabu mwenyewe. Fundi anasema tusichanganye na vya saruji, ni vizito na havifungani na vya zamani. Mwenye nyumba kuukuu inayobomolewa, Tanga, Korogwe, Same, popote reli ilipopita, tafadhali msivitupe kifusini. Hata vikiwa ishirini. Niandikieni PM, nitavifuata mwenyewe.

---

Mtoto wa Stesheni

Kuna stoo ya zamani Korogwe, ukoo wetu. Vipo uani vimepangwa chini ya mwembe, sijui vizima ni vingapi. Nakwenda Jumapili kuhesabu.